Kiumbe kile au kiumbe yule: barua kwa mpwa wangu

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya kwanza nikicheka na mara ya pili nikiwa nimenuna kidogo. Unasema kwamba ulipolala kwangu siku zile za msiba ulihesabu kwenye rafu matoleo 41 ya Frankenstein, yaani kanda za VHS, DVD, tamthilia zilizorekodiwa na vitabu vya katuni, na sasa unataka kujua kama mtu mzima mwenye ada za shule za kulipa ana haki ya kununua hadithi ileile mara 41. Ninakujibu hadharani kwa sababu wewe si wa kwanza kuuliza. Mkazamjomba wako ananiuliza hivyohivyo tangu tuoane, na jibu nililompa halijamridhisha mpaka leo.

Kosa lako liko kwenye neno "ileile". Wewe unalijua lile jitu la kichwa bapa lenye vyuma shingoni, linalotembea kwa kuburuta miguu na kunguruma. Katika kitabu hayo yote hayamo. Mary Shelley alianza kukitunga akiwa na umri wa miaka 18, katika kiangazi cha mwaka 1816 ambacho hakikuwa kiangazi, kwani volkano ya Tambora iliyolipuka mwaka uliotangulia, katika nchi ambayo leo ni Indonesia, ilikuwa imetia majivu angani na kuiacha Ulaya ikinyeshewa na kutetemeka. Kikachapwa London tarehe 1 Januari 1818, nakala 500, bila jina la mwandishi. Hayo utayasoma popote. Nilichokuwa sikijui mimi, mpaka nilipokifungua kitabu chenyewe nikiwa tayari nimeshaona sinema saba, ni kwamba kiumbe anazungumza, tena anazungumza vizuri kuliko mtu mwingine yeyote mle ndani.

Katika sura sita mfululizo, kuanzia ya 11 hadi ya 16 ukishika toleo la mwaka 1831, yeye ndiye msimulizi. Anaeleza jinsi aliyemuumba, ambaye ndiye Frankenstein, alivyomkimbia usiku uleule alipofumbua macho, jinsi alivyotangatanga msituni, na jinsi alivyojibanza katika kibanda kilichoegemea nyumba ya familia moja maskini akaanza kuwachungulia kupitia ufa wa ubao. Ndani ya nyumba yupo mzee kipofu, De Lacey, pamoja na watoto wake Felix na Agatha. Kiumbe anasikiliza sauti zao, anatambua kwamba sauti zile zina maana, na baada ya miezi kadhaa anapata maneno yake ya kwanza: moto, maziwa, mkate, kuni. Yatazame maneno hayo. Yote ni ya jikoni, na ndiyo ambayo mgeni yeyote aliyefikia nyumba ya watu wasioelewana naye lugha huanza kuyaokota. Baadaye anakuja Safie, binti wa mfanyabiashara Mturuki na mama Mwarabu, ambaye naye hajui lugha ya nyumba ile. Anafundishwa kwa sauti, na yule aliye nyuma ya ukuta anafuatilia masomo hayo na kumpita mwanafunzi halali. Usiku anawatafutia kuni na kuwaachia karibu na mlango, nao wanastaajabu asubuhi. Siku anapopata ujasiri anaingia mzee akiwa peke yake, akitumaini kwamba kipofu atampima kwa maneno yake badala ya sura yake, na kwa muda mfupi matumaini hayo yanatimia. Kisha vijana wanarudi kutoka matembezini, na Felix anamcharaza kwa fimbo.

Watu wetu wanaposimulia sinema hizi humwita zimwi, nami neno hilo sipendi kulitumia. Zimwi wetu wa ngano hula watu. Huyu anasema wazi mbele ya muumba wake kwamba hachinji mwanakondoo wala mwanambuzi ili ashibe, kwa kuwa matunda ya mwituni yanamtosha. Kwa hiyo mimi nasema kiumbe, na hapo ndipo Kiswahili kinaponitega, kwa sababu nikishasema kiumbe lazima niamue kama nitasema "kiumbe kile" au "kiumbe yule". Ukimtia kwenye ngeli ya vitu umeshampokonya utu kabla hujafika kwenye kitenzi. Mwandishi wa Kiingereza anaweza kukwepa sentensi nzima bila kuamua. Sisi hatuna pa kukimbilia. Ukifungua daftari langu la uhakiki, lile la jalada jeusi ulilodhani ni la madeni, utakuta juu ya karibu kila ukurasa neno moja tu, "kile" au "yule". Uhakiki wote unaofuata chini yake ni maelezo ya kwa nini nimeandika hilo na si lile jingine.

Kupokonywa ulimi kulianza mapema, miaka mitano tu baada ya kitabu kutoka. Mwezi Julai 1823 Richard Brinsley Peake alipeleka hadithi hii jukwaani London, na katika tamthilia yake kiumbe hana hata neno moja, mwigizaji T. P. Cooke alipaka rangi mwilini na kusema kwa mikono na macho huku muziki ukipigwa. Ni Peake pia aliyemwongeza msaidizi wa maabara, Fritz, ambaye watu wengi huapa kwamba wamemsoma kitabuni. Kwenye tangazo la tamthilia, mahali pa jina la mhusika paliwekwa vistari tu. Mary Shelley mwenyewe alikwenda kutazama, akafurahishwa na vile vistari. Mimi nikisoma habari hiyo humwonea wivu kwa moyo wake mpana, maana ningekuwa mimi ningeuliza sura zangu sita zimekwenda wapi.

Filamu ya kwanza, ya kampuni ya Edison ya mwaka 1910, ni fupi kuliko mahubiri ya ndoa. Ndani yake kiumbe anapikwa kwenye sufuria kubwa, nao walilipata tukio hilo kwa kuchoma sanamu na kuirudisha filamu kinyumenyume, hivi kwamba nyama inaonekana ikijikusanya juu ya mifupa kutoka kwenye moto. Kwa miaka mingi iliaminika kuwa imepotea, kumbe nakala ilikuwa kwa mkusanyaji mmoja wa Wisconsin. Mwonyeshe mkazamjomba wako sentensi hiyo.

Sasa nifike kwenye ile ya mwaka 1931, ya James Whale, ambayo bila shaka ndiyo unayoisema. Boris Karloff, anayemwigiza kiumbe, hazungumzi, na katika orodha ya waigizaji mwanzoni mwa filamu mahali pa jina lake pana alama ya kuuliza. Ungetarajia niandike "kile" na kufunga daftari. Lakini mimi filamu hiyo niliiona kwanza mwaka 1996 kule Tanga, katika kibanda cha video chenye mabenchi ya mbao na magunia yaliyotundikwa madirishani kuzuia mwanga, siku ambayo kanda ya mapigano tuliyoahidiwa ilikuwa imekwama ndani ya deki. Mwenye kibanda akaweka hii badala yake, nyeusi na nyeupe, na watu wakazomea na kudai hela yao. Mfasiri wetu, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa pembeni na kipaza sauti akitueleza kila kinachosemwa, alianza kwa dhihaka ili atulize umati: "Haya, dude hilo linaamka. Dude linakuja, shikeni watoto."

Halafu likaja lile tukio la paa. Frankenstein anavuta kamba, dirisha la juu linafunguka, na mwanga unamwangukia kiumbe usoni. Karloff anainua uso polepole, anainuka, kisha ananyoosha mikono juu kana kwamba mwanga ni kitu kinachoshikika. Frankenstein analifunga dirisha. Kiumbe anabaki ameinyoosha mikono, sasa akimwelekezea muumba wake, viganja wazi. Hakuna neno linalotamkwa. Mfasiri alinyamaza kidogo, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, kisha akasema kwa sauti ya mtoto mdogo: "Baba, lile ni nini? Baba, mbona unalifunga?" Kibanda kizima kikatulia. Kuanzia hapo mpaka mwisho yule bwana hakusema tena "dude". Alisema "huyu", na "huyu" akapewa maneno katika kila tukio ambalo Hollywood ilimpa mguno. Alipofika kwa yule msichana wa ziwani, aliyekuwa akimfundisha kuyafanya maua yaelee juu ya maji, sikusikia mtu akicheka.

Kwa hiyo ukurasa wa 1931 katika daftari langu una maneno yote mawili, na "kile" limekatwa kwa mstari.

Mwendelezo wake wa mwaka 1935, ambao ninauona bora kuliko filamu ya kwanza, unamrudisha kipofu. Ni mzee anayeishi peke yake na fidla yake, anayempa mgeni wake mkate, divai na neno "rafiki". Karloff mwenyewe hakutaka kiumbe aseme, na alilalamika. Ninampenda sana Karloff lakini katika hilo alikosea. Baada ya hapo mambo yakaharibika. Mwaka 1939 kiumbe ni bubu tena, bila mtu kujisumbua kueleza kwa nini. Mwaka 1943 zamu ikawa ya Bela Lugosi, ambaye aliandikiwa mazungumzo na kuyaigiza, kisha studio ikayaondoa yote kabla filamu haijatoka. Nimeirudiarudia kanda hiyo nikimtazama mdomoni. Sijui uhakiki gani wa maneno elfu ungeeleza vizuri zaidi kilichofanyiwa kitabu cha Mary Shelley kuliko mwigizaji aliyesema maneno yake na kisha yakafutwa.

Zile za Hammer, kampuni ya filamu ya Uingereza, kuanzia mwaka 1957, nina sita na ninazipenda kwa ajili ya Peter Cushing, ambaye anamfanya daktari mwenyewe kuwa wa kuogopwa. Christopher Lee, akiwa kiumbe, ana sura ya jeraha na hana mstari hata mmoja. "Kile", bila shaka. Ile ya Kenneth Branagh ya mwaka 1994 ilinisumbua zaidi kuihakiki, kwa sababu inamrudishia kiumbe ufa wa ukuta, familia na kitabu mkononi, na Robert De Niro anazungumza kwa uchungu wa kweli. Ila kamera haitulii na kila mtu anapiga kelele, mpaka ukitoka huko umesahau alisema nini.

Katika hizo 41 kuna moja ambayo haimwigizi kiumbe hata kidogo, isipokuwa kwa dakika chache, nayo ndiyo ningeokoa kwanza nyumba ikishika moto. Ni filamu ya Víctor Erice ya mwaka 1973. Katika kijiji cha Hispania, mwaka 1940, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimetoka kumalizika, gari linaleta sinema ya Whale, wanakijiji wanabeba viti vyao wenyewe kwenda ukumbini, na msichana mdogo anayeitwa Ana anatazama tukio la ziwani na kumuuliza dada yake kwa nini kiumbe alimuua yule msichana, na kwa nini watu nao walimuua kiumbe. Nilipoiona mara ya kwanza nilisimamisha DVD nikatoka nje kidogo. Nilikuwa nimeviona viti vile, ila vyetu vilikuwa mabenchi.

Jukwaani, nakushauri utafute rekodi ya National Theatre ya London ya mwaka 2011, iliyoandikwa na Nick Dear na kuongozwa na Danny Boyle. Benedict Cumberbatch na Jonny Lee Miller walikuwa wakibadilishana, leo huyu ni muumba na yule ni kiumbe, kesho kinyume chake, na mchezo unaanza kwa kiumbe kuzaliwa na kujifunza kusimama, bila neno, kwa dakika nyingi ambazo hazichoshi. Kwenye vitabu, soma riwaya ya Mwiraki Ahmed Saadawi ya mwaka 2013, ambamo muuza vikorokoro wa Baghdad anashona pamoja viungo vya watu waliokatwakatwa na mabomu ili wapate kuzikwa kama maiti kamili. Kiumbe wake anaitwa kwa neno la mtaani ambalo mimi ningelitafsiri "Nanii", nalo linanikumbusha vile vistari vya mwaka 1823 na ile alama ya kuuliza ya 1931. Tofauti ni kwamba Nanii anashika kinasa sauti na kueleza habari zake mwenyewe. "Yule", kwa wino mwekundu.

Guillermo del Toro, katika yake ya mwaka 2025, ameigawa filamu hivi kwamba baada ya muumba kusimulia kiumbe naye anapewa zamu yake. Nina manung'uniko yangu, hasa kwamba Jacob Elordi amepewa uzuri ambao unamrahisishia mtazamaji kumhurumia, lakini zamu ni zamu.

Umeuliza pia kwa nini rafu inanuka kafuri. Kanda za VHS hazivumilii unyevu wa pwani. Huota utando mweupe kama unga wa muhogo kwenye ukingo wa mkanda, na ukiicheza kanda ya namna hiyo unaambukiza deki, na deki inaambukiza kanda nyingine zote. Nimepoteza tisa kwa ujinga huo. Na zile DVD mbili ulizosema "mbovu" si mbovu. Zilitengenezwa kwa ajili ya eneo la 1, yaani Marekani na Kanada, na mashine yangu ni ya eneo la 5, ambalo Tanzania imo, kwa hiyo zinasubiri siku nitakayopata mashine isiyochagua.

Sasa nina ombi. Ukurasa wa kwanza wa daftari umebaki mtupu, kwa sababu nimeutengea lile toleo la kibanda la Tanga. Mfasiri yule hakuwa akisema moja kwa moja tu. Siku nyingine alikuwa akirekodi sauti yake juu ya kanda ili ikodishwe mitaani, nami nimesikia kwamba mwenye kibanda bado yu hai na anauza vocha mahali palepale. Likizo hii ukienda kwa bibi, mpitie, umsalimie kwa heshima, umuulize kama amebakiza lolote la miaka ile. Akikupa kanda, usijaribu kuicheza hata kama anayo deki. Ifunge kwa gazeti kavu, usiiweke chini ya kiti cha basi upande wa injini, uniletee ilivyo.

Mjomba wako