Barua ya wazi kwa Gavana wa Nairobi: River Road ipewe ukuta unaoimba

Mheshimiwa Gavana,

Nakuandikia kuhusu River Road. Miaka ya 1970 na 1980, studio na maduka ya santuri ya mtaa huu ndiyo yaliyoisambaza benga nchini. Leo mtu hupita hapo akikimbilia stejini asione dalili yoyote kwamba muziki aliokua akiusikia redioni kwa wazazi wake ulitoka humo.

Naomba kaunti itenge ukuta mmoja, wachoraji wetu wauchore, na ndani yake ufichwe muziki wa mtaa wenyewe.

Jambo hili linawezekana. Kuna rangi yenye kaboni, nyeusi kama masizi, inayopitisha umeme. Mchoraji anachora nayo nyuzi za gitaa, waya mwembamba unapenya ukutani hadi kwenye kompyuta ndogo, na mpita njia akigusa uzi mmoja anasikia solo ya benga ikitokea usawa wa kifua chake, kwenye spika asiyoiona. Akihamishia kiganja kwenye picha ya matatu, anamsikia makanga akiita abiria. Akiondoa mkono, kimya. Asiyeona naye anapata fungu lake la mchoro, na hilo michoro yetu ya sasa haimpi.

Najua ofisini mwako watauliza kwanza kuhusu kelele, na wana haki. Ndiyo maana nasisitiza mguso: sauti isitoke mpaka mtu aitake, na isivuke hatua mbili tatu kutoka ukutani.

Mimi nahofia zaidi matunzo. Mwaka 1977, msanii wa sauti Mmarekani, Max Neuhaus, alificha sauti katika Times Square, New York, chini ya wavu wa chuma ambao watu huukanyaga, bila kibao chochote. Ilizimwa 1992, ikarudi 2002, na sasa taasisi ya sanaa ya Dia Art Foundation ndiyo inayoitunza. Rangi hustahimili miaka bila kuangaliwa, spika haistahimili. Bajeti basi isiishie siku ya kukata utepe. Luthuli Avenue iko hapo karibu, imejaa mafundi wa redio na amplifaya. Mmoja wao apewe mkataba wa kuukagua ukuta huu kila mwezi.

Wasanii tunao. Msanii wa sauti KMRU, mjukuu wa marehemu mwanamuziki Joseph Kamaru, anasikilizwa hadi Ulaya kwa kazi anazozijenga kwa sauti alizozirekodi mwenyewe, nyingine humu humu jijini. Wachoraji wapo, matatu zetu ni ushahidi. Ila nyimbo zitakazotumika zilipiwe, kama Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inavyotaka. Familia za wanamuziki wa River Road zimetazama kazi za wazee wao zikinakiliwa bure kwa muda mrefu mno, na itakuwa aibu kaunti nayo ikifanya hivyo.

Mamlaka unayo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linazipa kaunti shughuli za kitamaduni, na orodha hiyo hiyo inakukabidhi udhibiti wa kelele na matangazo ya nje. Huna haja ya kusubiri wizara.

Nafasi ya wasanii kuomba kazi hii itangazwe hadharani, na nembo ya kampuni isiwekwe juu ya mchoro. Wenye maduka waitwe kikaoni kabla ya rangi kununuliwa, kwa sababu wao ndio watakaousikia ukuta huo kutwa nzima.

Wako mwaminifu,
Mkazi wa Ngara