Kisa cha kuigiza, shoga yangu

Richmond, Virginia

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na pole kwa kungoja jibu. Sisi wazima, watoto wamepona mafua, baridi tu ndiyo imekataa kuondoka. Zuhura amenifikishia habari kwamba klabu yako ya historia inatafuta kisa cha kuigiza siku ya wazazi, na kwamba umechoka na igizo la kila mwaka. Kisa ninacho. Kimenikaa rohoni muda mrefu na sina wa kumhadithia, maana kila nikianza, baba Salma amelala.

Ni habari ya Kikosi cha 25 cha jeshi la Kaskazini, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huku Marekani, Kaskazini ilipopigana na majimbo ya Kusini yaliyotaka kubaki na utumwa. Kiliundwa Desemba 1864 kwa kuwakusanya askari weusi waliokuwa wametawanywa katika vikosi vingine hapa Virginia. Divisheni tatu nzima za watu weusi, ingawa maofisa karibu wote walikuwa wazungu. Wengi wa askari wale walizaliwa utumwani. Na kamanda wao, Jenerali Weitzel, ndiye yule yule aliyekataa kupewa askari weusi kule Louisiana mwaka 1862! Hadi leo linanishangaza hilo.

Vita walikuwa wanavijua. Septemba 1864 baadhi ya regimenti zao, yaani vikosi vyao vidogo, zilipanda vilima vya New Market Heights, karibu na Richmond, risasi zikiwajia usoni. Wabeba bendera wakaanguka, na Sajenti Meja Christian Fleetwood, kijana wa Baltimore, akaidaka bendera akasonga nayo mbele. Askari weusi 14 walipewa Nishani ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya ushujaa jeshini huku, kwa mapigano ya siku ile. Na miezi michache tu kabla yake askari mweusi alikuwa akiandikiwa dola 10 kwa mwezi, anakatwa 3 za sare, mkononi zinabaki 7, mwenzake mzungu anachukua 13. Bunge lilikuja kusawazisha Juni 1864.

Lakini nataka waigize Aprili 3, 1865. Richmond ndio ulikuwa mji mkuu wa Kusini. Usiku wa kuamkia siku hiyo jeshi la Kusini lilikimbia, likachoma maghala ya tumbaku, moto ukatapakaa mjini. Asubuhi Kikosi cha 25 kikaingia. Fikiria, Mwanaidi: watu waliouzwa katika mji ule wanaingia na bunduki mabegani, na kazi inayowangoja ni kuuzima moto wake.

Miongoni mwao alikuwa kasisi wa regimenti ya 28, Garland White. Alihutubia umati Broad Street, barabara ninayopita kila siku kwenda kazini, na magereza ya watumwa yakafunguliwa. Kisha akaletewa mama mmoja mzee aliyekuwa akimuulizia. Yule mama hakumrukia. Alimhoji. Jina lako nani? Mama yako aliitwa nani? Ulizaliwa wapi? Uliuzwa kutoka wapi? Nani alikununua? White akajibu: Robert Toombs wa Georgia. Huyo Toombs alikuja kuwa waziri wa kwanza wa mambo ya nje wa Kusini, na White alimtoroka Washington akakimbilia Kanada. Maswali yalipokwisha ndipo mama akamwambia kwamba anayezungumza naye ni mama yake, na kwamba amekaa na majonzi miaka 20. White mwenyewe aliyaandika haya siku chache baadaye.

Nafasi ya mama huyo mpe binti wa Mzee Kibwana, ana sauti na ana subira. Maswali ayaulize polepole, asilie mapema. Na tafadhali Rais Lincoln usimpe sehemu kubwa, yeye alifika kesho yake.

Baada ya hapo nakasirika. Baadhi ya askari wa Kikosi cha 25 walikuwepo Appomattox, hapa hapa Virginia, tarehe 9 Aprili, Jenerali Lee wa Kusini aliposalimu amri. Mwezi wa tano likafanyika gwaride kubwa la ushindi Washington, siku mbili, na regimenti za weusi hazikuwemo. Kikosi cha 25 kilikuwa kinapakiwa melini kupelekwa Texas, mpakani na Mexico, kwa sababu ya Wafaransa waliomweka Maximilian kuwa mfalme wa Mexico. Brazos Santiago, pwani ya Texas waliposhushwa, ni mchanga mtupu. Maji ya kunywa shida, mboga hakuna, kiseyeye kikawapiga vibaya. Januari 1866 kikosi kikavunjwa. Sijui kama watoto watayabeba yote hayo, ila Texas usiiache.

Siku ya wazazi ni lini hasa? Mna wavulana wa kutosha, au wasichana nao watavaa ujeshi? Sare mtashonesha kwa nani? Mkuu wa shule ataruhusu moto jukwaani, hata wa taa? Zuhura alijifungua salama? Na bati za kwa mama zilitosha, au niongeze kidogo mwisho wa mwezi?

Nijibu upesi.

Wako,
Mama Salma