Tokeni haifichi siri

Mhariri,

Nafundisha programu za kompyuta jioni hapa Mwanza. Juzi niliwapa wanafunzi 12 kazi ya kupanga huduma ndogo ya kuingia kwenye mfumo kwa tokeni (kitambulisho cha kidijitali anachopewa mtumiaji akishaingia), aina ya JWT (JSON Web Token), iliyowekewa kanuni rasmi mwaka 2015. Watano wakatia nenosiri ndani ya tokeni!

Jamani, ile ni vipande vitatu vilivyotenganishwa kwa nukta, na cha kati husomwa na yeyote. Cha mwisho, yaani saini ya kidijitali, huzuia kughushi tu. Binti mmoja, mkimya siku zote, akauliza: "Mwalimu, simu ikiibiwa je?" Tukafuta ubao tukapanga upya, maana mwizi angeitumia tokeni iliyomo. Sasa tokeni inakufa baada ya dakika 15, na tokeni ya pili, ya kuombea mpya, ina kumbukumbu kwenye seva, tuweze kuibatilisha.

Safu yenu ya teknolojia ilieleze hili, tafadhali.

Mwalimu wa jioni,
Mwanza