Barua kwa Mwanangu Kuhusu Ile Stoo

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu na dua, nimefurahi kusikia kwamba mwenye nyumba amekubali uigeuze stoo iwe chumba cha mdogo wako atakapokuja Mombasa kuanza chuo. Shilingi 12,000 ulizobakiwa nazo zitatosha, ilimradi zisianzie kwenye rangi.

Anza na hewa. Stoo hujengwa kwa ajili ya magunia, nayo magunia hayapumui. Muombe mwenye nyumba ruhusa ya kutoboa ukuta wa nje, fundi aweke matofali ya matundu karibu na dari na kuyafunika kwa wavu wa mbu, kisha aache upenyo chini ya mlango, ili hewa ya moto ipate pa kutokea na ya baridi ipate pa kuingilia. Akikataa, usimlaze mtoto humo. Hamishieni nguo na masanduku yenu stoo, naye alale sebuleni. Na kwa kuwa jiko liko jirani, mkaa usiwashwe kamwe karibu na mlango huo, kwani sumu yake haina harufu na humkuta mtu usingizini.

Ukutani paka chokaa. Chumba chetu cha nyuma tulikipaka rangi ya plastiki, unyevu ukakosa pa kutokea, na masika ilipofika rangi yote ikavimba na kubabuka.

Unakumbuka nyumba ya babu yako kule Lamu? Vyumba vyake vilikuwa virefu na vyembamba, kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Wazee walijenga zidaka ukutani, vyombo vikakaa humo, sakafu ikabaki ya watu. Wewe huwezi kuchimba kidaka katika ukuta wa matofali membamba, lakini rafu zilizokazwa kwa skrubu na fisha (vile vipande vya plastiki vinavyoshika skrubu ukutani), kuanzia usawa wa kichwa hadi juu, zitafanya kazi ile ile. Godoro la futi 2.5 kwa 6 liwekwe kando ya ukuta mrefu, kitanda kiinuliwe ili sanduku liingie chini yake. Meza ya kusomea iwe ubao mmoja wenye bawaba, ili akiukunja apate nafasi ya kutandika mswala. Mlango nao ugeuzwe ufungukie nje, maana ukifungukia ndani utakula nusu ya sakafu.

Taa iwekwe na fundi umeme; waya usipite chini ya godoro hata siku moja.

Mbao za mlango wetu wa zamani bado ninazo, kavu na hazijaguswa na mchwa. Pima ukuta kwa futi kamba na uniletee vipimo kabla ya Alhamisi, ili seremala azikate huku Malindi nami nizitume kwa basi la Ijumaa.

Ni mimi mama yako.