Andikeni kamba ilikatikia wapi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wahandisi wanaopokea ripoti za maabara kuhusu zile kamba za chuma zinazokaza zege la madaraja. Mimi si mhandisi. Ni mkerezaji, mwaka wa 38 huu niko kwenye mashine, na ombi langu ni moja: ripoti iseme kamba ilikatikia wapi.

Mwaka juzi kijana wa maabara moja alinijia karakanani Keko na vipande vitatu vya kamba ya waya saba zilizosokotwa, unene milimita 12.7. Kamba ya unene na ubora ule haitakiwi kukatika kabla ya kilonyutoni 183.7, karibu tani 19. Zake zilikatika kwenye 174, 176 na 179. Mzigo mzima wa kamba hizo ulishakataliwa. Mkandarasi anamlaumu muuzaji, muuzaji anaapa. Nikavigeuza vile vipande kwenye mwanga. Vyote vitatu vilikatikia mdomoni mwa kabari, yaani vile vyuma vyenye meno vinavyoishika kamba ikivutwa, na waya zina alama za meno kama muwa uliotafunwa.

"Kabari mmezitoa wapi?"

"Saiti, mzee wangu."

Kabari ya saiti ni ya kushikia kamba darajani, na viwango vinairidhia ikifikisha asilimia 95 ya nguvu za kamba. Darajani inatosha, maana kule hakuna anayevuta kamba hadi ikatike. Kwenye mashine ya kupimia, kile kidogo kinachopotea kwenye meno kinahesabiwa kuwa ubovu wa kamba.

Akaniomba nimtengenezee nyingine. Nikadhani ni kazi ya siku mbili.

Kabari ni kama pia ya watoto iliyopasuliwa vipande viwili au vitatu, inakaa ndani ya kikombe chenye tundu la umbo hilohilo. Kamba ikivutwa inaiburuta kabari, nayo inabana. Kwa mteremko wa digrii 7 na mgongo uliopakwa grisi, mbano unazidi mvuto mara nne. Kikombe kikiota kutu, kabari inagoma kuteleza, mbano unashuka karibu nusu, na kamba inachomoka. Kwa hiyo grisi mgongoni, kamwe si kwenye meno. Nimewahi kuona mtu akipaka kote, kwa wema kabisa.

Seti ya kwanza niliichonga kwa chuma cha springi ya lori, nikaichovya kwenye mafuta ikawa ngumu hadi kiini. Ilipasuka kama kigae kabla kamba haijasikia chochote. Ya pili nikatumia chuma laini. Nilikikereza, nikakipasua kwa msumeno mwembamba, nikakifukia ndani ya sanduku la unga wa mkaa na kukiacha tanurini kwenye nyuzijoto zaidi ya 900 usiku kucha. Ngozi ikanywa kaboni, kiini kikabaki kilivyo. Baada ya kuchovya na kupasha tena kidogo, ngozi ilipima 60 kwa kipimo cha ugumu cha Rokweli, ngumu kuliko waya zenyewe, na ndani mkabaki na uvumilivu.

Urefu niliufanya milimita 120, karibu mara tatu ya ile ya saiti, mbano utawanyike. Mteremko wa kabari niliuzidisha kidogo sana kuliko wa kikombe, ibane kwanza nyuma kwenye unene, kwa sababu mdomoni ndiko kamba inakobeba mzigo wote na haitaki kuumwa. Meno ya mwanzo nikayapunguza kwa jiwe la kunolea. Kazi hiyo ya mwisho ilinila siku nzima, na sikuiandika kwenye ankara.

Kamba ya mzigo uleule ikakatika kwenye 191, 192 na 193, katikati, mbali na kabari. Wakati huo mzigo ulikuwa umesharudi bandarini.

Ninachoomba ni mstari mmoja kwenye fomu: imekatikia katikati, au kwenye kabari. Ikikatikia kwenye kabari chini ya kiwango, kipande kitupwe na kingine kipimwe. Isiandikwe kwamba kamba imefeli. Maabara nazo ziache kuazima kabari za saiti. Karakana za hapa mjini zinaweza kuzichonga.

Ile seti iliyopasuka bado ninayo kwenye kopo la rangi. Mwenye maabara akitaka kuiona, aje na kikombe chake, tukipime kutu kwanza.

Mkerezaji wa Keko,
Dar es Salaam