Barua ya Wazi kwa Waziri wa Viwanda: Juti Yao, Katani Yetu

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Mwembe Tayari, Mombasa, ninakouza magunia. Kila zao likitajwa na wakubwa, kinachohesabiwa ni tani zilizovunwa. Hesabu hiyo hainishibishi, na kisa cha juti, zao la nyuzi za kufumia magunia, baina ya India na Bangladesh kinaonyesha sababu. Wewe zitazame nchi hizo kwa juti inayobaki nyumbani: chukua mavuno, ongeza iliyoagizwa, toa iliyouzwa nje, kisha uangalie ghala limepungua au limejaa.

Jimbo la Bengal lilipogawanywa baina ya India na Pakistani mwaka 1947, sehemu kubwa ya mashamba ya juti iliangukia Pakistani Mashariki, ambayo leo ni Bangladesh. Viwanda vyote vikabaki India, kandokando ya mto Hooghly karibu na Kolkata. Huku nyuzi bila kinu, kule vinu bila nyuzi. Septemba 1949 mambo yakachacha zaidi: Uingereza ilishusha thamani ya pauni, India ikafuata kwa rupia yake, Pakistani ikakataa. Ghafla juti ya mashariki ikawa ghali kwa wanunuzi wa Kolkata na biashara ikakwama. India haikukaa kungoja jirani apunguze bei. Iliwahimiza wakulima wa Bengal Magharibi, Assam na Bihar wapande juti yao wenyewe, na leo ndiyo inayovuna juti nyingi kuliko nchi yoyote duniani.

Upande wa pili walijenga viwanda. Kile cha Adamjee, Narayanganj, kilianza kazi 1951 na kikasifiwa kuwa kikubwa kuliko vyote duniani. Kikafungwa 2002. Julai 2020 serikali ya Bangladesh ikafunga viwanda vyake 25 vya juti kwa mpigo. Vya watu binafsi vipo, na uzi wao unafika hadi Uturuki, lakini sehemu kubwa ya juti ya nchi hiyo, ghafi au iliyosokotwa, huishia kwa mnunuzi wa ng'ambo. Mnunuzi huyo akikohoa, mkulima wa Faridpur anaugua.

India sehemu kubwa inatumika humo humo, na si kwa sababu Wahindi wanapenda magunia kuliko sisi. Mwaka 1987 walitunga sheria ya kulazimisha bidhaa fulani zifungwe kwa juti, na nafaka inayonunuliwa na serikali ndiyo inayobeba mzigo mkubwa. Bangladesh ilitunga sheria yake ya namna hiyo 2010, miaka 23 baadaye.

Sisemi India ni malaika. Kiwanda chenye mteja mmoja wa uhakika hulala, na gharama ya gunia hatimaye inalipwa na mlipa kodi. Tena Januari 2017 iliweka ushuru maalumu dhidi ya bidhaa za juti kutoka Bangladesh, ikidai zinauzwa kwa bei ya kutupa. Bangladesh nayo imewahi kupiga marufuku kuuza juti ghafi nje, kisha ikalegeza.

Wataalamu wako wakilinganisha takwimu, wawe macho. Mwaka wa juti huanza Julai, si Januari. India huhesabu kwa marobota ya kilo 180, na mara nyingi huchanganya juti na mesta, nyuzi za mmea mwingine. Ukiyasahau hayo, utaona kupanda na kushuka ambako hakuna.

Sasa njoo kwetu. Juti hatulimi kwa ajili ya nyuzi, ingawa jamii moja ya mmea huo ni mlenda, mboga tunayoifahamu vizuri sana. Tulicho nacho ni katani: Vipingo mkonge umejipanga hadi karibu na barabara ya Malindi, na Mwatate vilevile. Sehemu kubwa ya nyuzi zake hupita Kilindini ikiwa ghafi. Bandari hiyo hiyo inapokea magunia ya juti, nayo kahawa yetu inasafiri ndani yake. Marufuku ya Agosti 2017 ilifagia mifuko ya plastiki ya dukani, lakini gunia la nailoni halikuguswa, na ukipita Marikiti ndilo lililotanda.

Najua jibu litakalokuja: gunia la katani ni zito na ni ghali. Kweli, leo ni ghali, kwa sababu hakuna kiwanda kitakachonunua mitambo kwa oda ya msimu mmoja. India iliyamudu magunia yake kwa kumhakikishia mfumaji mnunuzi kabla hajaanza kufuma.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba wizara yako itangaze kila mwaka, pamoja na tani za katani zilizovunwa, ni kiasi gani kimeuzwa ghafi na kiasi gani kimetumika nchini. Halafu mkae na Bodi ya Nafaka na wauzaji wa kahawa, mkubaliane sehemu ya magunia yao iwe ya katani ya hapa. Anzeni na sehemu ndogo, kwa mkataba wa miaka kadhaa, bei yake ikipitiwa kila msimu ili kiwanda kisilale kama nilivyosema. Mkiihitaji sampuli, ninazo dukani.

Wako,
Muuza magunia, Mwembe Tayari