Nguzo za Isimila ni kazi ya maji, si upepo

Mhariri,

Bado wageni wanaelezwa kwamba nguzo za asili za mchanga na udongo za Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa mjini ukielekea Mbeya, zimechongwa na upepo kama jangwani. Si kweli. Zimechongwa na mvua.

Sogelea nguzo moja uitazame kuanzia juu. Matabaka ya mchanga na udongo laini yamelala moja juu ya jingine, na ubavuni inashuka mifereji myembamba, wima, kama iliyokwaruzwa kwa vidole. Upepo hauachi alama hizo. Punje za mchanga ni nzito, haziruki juu sana, kwa hiyo upepo hula mwamba karibu na ardhi; ndiyo maana jangwani utakuta miamba yenye umbo la uyoga.

Kazi ya upepo tunayo hapa hapa nchini: tuta la mchanga unaohama, karibu na Oldupai. Ni majivu meusi ya volkano ya Oldonyo Lengai, umbo lake mwezi mwandamo, pembe mbili zikielekea uendako upepo. Pembe hutangulia kwa kuwa mchanga wake ni mchache, unasukumika upesi kuliko tumbo la katikati.

Anayedhani nguzo za Isimila ni kazi ya upepo hana la kufanya ili kuzilinda. Anayejua ni maji ataanzia ukingo wa juu wa korongo zilimo. Kila kijia cha miguu au cha mbuzi kinachoteremkia pale hugeuka mfereji mvua kubwa ikinyesha. Vifungwe kabla ya Novemba, na upande wa juu zaidi uwekwe mtaro wa kukinga maji, mbali na ukingo, uyapeleke penye nyasi. Mteremko wa sentimita 50 kwa kila mita 100 unatosha. Ukizidi sana, mtaro wenyewe unakuwa korongo. Ukiwa bapa, unajaa tope na kupasuka mahali pamoja. Ila ardhi ile ina zana za mawe za kale, hivyo jembe lisiguse kitu kabla wataalamu wa mambo ya kale hawajapima.

Na wanaopanda nguzo ili wapigwe picha wazuiwe. Tabaka gumu la kichwani ndilo mwavuli wake. Likishang'oka, udongo wa chini unalowa na kumeguka kila masika.

Msomaji wenu,
Iringa